Jibu: Uhasibu unatosha kuingia biashara ya mafuta?

Ndugu, umeuliza kama shahada yako ya uhasibu inatosha kuingia kwenye biashara ya nishati hapa Nairobi, au lazima kwanza ukasome London. Inatosha. Tafadhali, mzee asiuze shamba kwa ajili ya ada.

Mimi nilianzia dawati la usafirishaji, kampuni ya mafuta Industrial Area. Wiki ya kwanza nilipewa karatasi za meli iliyokaa Mombasa siku tatu kupita muda wa mkataba. Tuseme faini ya kuchelewa ni dola 25,000 kwa siku: hizo ni 75,000, na faida ya shehena inaanza kuliwa hapo. Nilikesha nikilinganisha saa meli ilipofika na saa mabomba ya kupakulia mafuta yalipochomolewa. Usiku ule ndio nilioelewa kazi hii.

Kwa hiyo omba kazi ya ratiba za meli au hesabu za shehena, ukae miaka miwili mitatu. Kila tarehe 14 EPRA, mamlaka ya nishati na petroli, ikitangaza bei, shika kalamu ufuatilie gharama kutoka melini hadi kwenye pampu.

Ujue pia kwamba tangu 2023 mafuta huletwa kwa mpango wa serikali na kampuni za mafuta za Ghuba, yaani Saudi Aramco, ADNOC na ENOC, kwa hiyo nafasi ya kununua shehena kwa zabuni imebana. Usisahau umeme: 2022 tulianza kununua megawati 200 kutoka Ethiopia, na wanaoielewa mikataba hiyo bado ni wachache mno.

Ukiitwa usaili, niandikie hapa tufanye hesabu pamoja.