Askari wa Assad aliyekamatwa Latakia ni mateka wa vita?

SWALI: Wakili, salaam. Machi 2025 askari waliobaki watiifu kwa Bashar al-Assad, rais aliyeangushwa, walivivamia vikosi vya serikali ya mpito pwani ya Syria. Waliokamatwa ni mateka wa vita au wahalifu tu? Na serikali ambayo hakuna aliyeipigia kura ina haki gani ya kuwaita waasi? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Salaam, ndugu yangu. Si mateka wa vita. Hadhi hiyo, kwa Mkataba wa Tatu wa Geneva wa 1949, ni ya vita vya dola na dola, na hapa Wasyria walipigana wao kwa wao.

Najua utanibana na Ibara ya 4, inayomtambua hata askari anayetii serikali isiyotambuliwa na aliyemkamata. Ndivyo inavyosema. Lakini huifikii Ibara ya 4 bila kupita ya 2, nayo inadai vita baina ya nchi. Tena jeshi la Assad lilitangazwa kuvunjwa Januari 29, 2025, siku ile ile Ahmed al-Sharaa alipofanywa rais wa mpito.

Je, zilikuwa fujo tu za kutulizwa na polisi? Majaji wa mahakama ya mauaji ya kimbari ya Rwanda waliokaa hapa Arusha katika kesi ya Akayesu, 1998, walipima mambo mawili: ukali wa mapigano na jinsi kundi lilivyojipanga. Machi 6 doria zilishambuliwa kwa kuvizia karibu na Jableh, mapigano yakaenea hadi Latakia na Baniyas, na Damascus ikapeleka vikosi vya nyongeza. Kamisheni ya Uchunguzi ya Umoja wa Mataifa ilisema Agosti 2025 kwamba matendo ya pande zote mbili yanaelekea kuwa uhalifu wa kivita, na huo haupo pasipo vita.

Kwa hiyo inayotumika ni Ibara ya 3, ile inayojirudia katika mikataba yote minne ya Geneva. Haimzuii mtu kushtakiwa kwa kushika bunduki. Inachokataza ni kumuua aliyekwisha kusalimu amri, kumtesa, au kumhukumu bila mahakama halali.

Hapo ndipo kiini kilipo. Baada ya Assad kukimbia Desemba 2024, maelfu ya askari walipanga foleni kwenye vituo vya maridhiano, wakakabidhi silaha na kupewa kadi za muda za utambulisho. Mwenye kadi ile aliyebaki nyumbani kwake ni raia, awe Mualawi, yaani wa madhehebu ya Assad, au nani. Aliyerudi porini na bunduki anaweza kulengwa maadamu anapigana. Mkewe na wanawe, kamwe. Tume iliyoundwa na serikali yenyewe ilihesabu waliouawa 1,426 katika ghasia hizo za Machi, wengi wao raia, na wengine waliuawa majumbani mwao. Neno “kulipiza kisasi” halimo kwenye orodha ya utetezi.

Kuhusu kura: sheria hii haiulizi ulipigiwa kura na nani. Inatazama nani anashika nchi, na Ibara ya 3 inatamka wazi kwamba kutumika kwake hakubadili hadhi ya kisheria ya upande wowote. Muasi hageuki halali, wala serikali haipati baraka.

Novemba 2025 kesi ya kwanza ya hadhara ilifunguliwa Aleppo ikiwa na washtakiwa 14: saba wa upande wa Assad, saba wa vikosi vya serikali. Angekuwepo mateka wa vita kati yao, asingeshtakiwa kwa kule kupigana tu.