Maswali ya Gereji: Minibaiki za zamani na flathedi zake

Barua za mwezi huu nyingi zimetoka Malindi, Watamu na Lamu, na karibu zote zinahusu minibaiki, vile vipikipiki vya Marekani vya miaka ya 1960 na 1970 vyenye injini ya kuvuta kamba. Injini yake ni flathedi: valvu zimesimama ubavuni mwa silinda zikitazama juu, na hedi ni kifuniko cha alumini tu, hakina valvu wala rokaamu (mikono ya kusukuma valvu) ndani yake. Kabla hujaagiza hata gasketi, futa vumbi kwenye bati la feni usome nambari iliyogongwa pale. Kwa Briggs & Stratton, modeli inayoanza na 8, kama 80202, ni inchi za ujazo 8 hivi, nguvu ya farasi 3. Inayoanza na 13 ni farasi 5, takriban sisi (cc) 206. Vipuri vya hizi mbili vinafanana machoni lakini vingi haviingiliani.

Salaam aleikum mafundi. Nina minibaiki ya farasi 5 iliyokaa stoo miaka mingi, upande wa Casuarina, karibu na bahari. Navuta kamba mpaka bega linauma, plagi haitoi cheche. Nimebadilisha plagi mara mbili. Ninunue koili? (Msomaji, Malindi)

Waaleikum salaam. Koili iache kwanza. Kwenye injini iliyolala pwani, mara nyingi kinachokatisha cheche ni pointi.

Toa bati la feni, kisha flaiwili, lile gurudumu zito lenye sumaku. Tumia pula, kifaa cha kuing'olea. Ukiigonga nyundo ukingoni utavunja mapezi, na ukiipiga sana sumaku zake zinadhoofika. Chini ya flaiwili kuna kibati kidogo kimefungwa kwa skrubu, na humo ndimo zilimo pointi, ile miguso miwili inayokata na kuunga umeme. Mguso mmoja uko kwenye mkono unaosukumwa na kijiti, planja, na mguso wa pili ni ncha ya kondensa yenyewe. Washa tochi uangalie pale zinapokutana. Ukiona utando wa kijivu au ukijani, umempata mchawi wako: ni kutu ya hewa ya chumvi, na umeme haupiti hapo hata ubadilishe plagi kumi.

Zipitishe msasa laini, namba 400 au zaidi, mara chache tu. Kisha loweka kipande cha karatasi nyeupe kwenye spiriti, kibane kati ya pointi ukivute, na urudie kwa kipande kingine mpaka karatasi itoke nyeupe kama ilivyoingia. Wengi huishia kwenye msasa. Unga wake na mafuta ya vidole yanabaki, na cheche haiji. Zikiwa zimechimbika vishimo, nunua seti mpya ya pointi na kondensa, usibadilishe kimoja ukaacha kingine.

Sasa pima nafasi. Zungusha shafti mpaka pointi ziachane kabisa, ingiza fila geji (kibati cha kupimia nafasi) ya milimita 0.5, legeza skrubu inayobana kondensa na uisogeze mpaka geji ipite kwa mguso mdogo. Planja nayo itoe uipime: ikiwa imelika chini ya milimita 22.1, itupe, maana haitafungua pointi vya kutosha. Unapoirudisha, upande wenye mfereji ukae juu. Ukiigeuza, oili itapanda kwenye kisanduku cha pointi, na baada ya siku chache utatuandikia tena barua hii hii. Tundu la waya kwenye kibati lizibe kwa silikoni.

Kabla ya kurudisha flaiwili, angalia kii yake, kile kipande cha chuma laini kinachoifunga kwenye shafti. Ikiwa imekatika, au hata imeminyika upande mmoja, taimingi imehama. Cheche itakuwepo lakini injini itarusha kamba kinyume au itapiga risasi kwenye kabureta. Usichonge kii ya chuma kigumu. Ile laini imewekwa makusudi ikatike yenyewe, shafti ibaki salama.

Nafasi kati ya koili na sumaku ni milimita 0.25 hadi 0.35. Kadi ya biashara ya karatasi inatosha kupimia. Ya ATM ni nene mno. Plagi iwe na nafasi ya milimita 0.75. Ukiwa umechoka kabisa na pointi, Briggs & Stratton walianza kutumia mfumo wa elektroniki wa Magnetron mwaka 1982, na koili yake inaingia kwenye injini nyingi za kabla ya hapo. Ukiifunga, waya wa pointi unaukata, lakini tundu la planja lazima ulizibe, la sivyo litavuja oili.

Yangu cheche ipo, petroli ipo, ila kamba ni laini kama inavuta hewa. Ikiwaka ni asubuhi tu, ikipata joto inazima na haiwaki mpaka ipoe. Fundi mmoja ameniambia ni ringi, nitoe pistoni. (Msomaji, Mambrui)

Usitoe pistoni. Injini inayokataa ikiwa moto mshukiwa wake wa kwanza ni valvu ya egzosi. Kila valvu inaposagika kwenye kiti chake inashuka, shina linakaribia tapeti (kipande kinachoisukuma), na nafasi inakwisha. Chuma kikipata joto shina linarefuka, valvu haifungi tena, na kompresheni inatoroka.

Geji ya kompresheni itakudanganya hapa. Kamu (shafti inayofungua valvu) ya Briggs huacha valvu ya kuingizia wazi kidogo wakati wa kuvuta kamba ili iwe nyepesi, kwa hiyo namba utakayosoma itakuwa ndogo hata kwa injini nzima. Zungusha flaiwili kwa mkono, kwa nguvu, kinyume na mwendo wake wa kawaida. Ikikurudishia kwa kishindo, kompresheni ipo. Ikipita kilaini, fungua hedi.

Bolti za hedi hazilingani urefu. Chukua boksi, lichore umbo la hedi, toboa matundu, na kila bolti ichomeke mahali pake. Kwangua masizi kwa kipande cha mbao au plastiki, si bisibisi. Toa kifuniko cha tapeti, zungusha mpaka pistoni ifike juu kabisa kwenye mwendo wa kukandamiza, halafu iache ishuke milimita 6 ndipo upime. Ukipimia juu kabisa utakuwa bado kwenye ule uwazi wa kamu. Kwa farasi 5, valvu ya kuingizia inataka milimita 0.13 hadi 0.18, ya egzosi 0.23 hadi 0.28.

Hakuna skrubu ya kurekebishia. Unasaga valvu kwenye kiti kwa dawa ya kusagia mpaka uone mstari wa kijivu usiokatika ukizunguka wote, unaosha kwa mafuta ya taa, unapima tena, ndipo unapunguza ncha ya shina kidogo kidogo kwa jiwe. Ncha ibaki tambarare na nyoofu. Ukizidisha, huwezi kurudisha, kwa hiyo pima kila baada ya kupitisha mara mbili tatu. Saga kwanza, punguza shina baadaye: kusaga kwenyewe kunashusha valvu.

Hedi ilaze juu ya msasa uliobandikwa kwenye kioo, isugue kwa mzunguko mpaka uso wote ung'ae sawasawa. Gasketi iwe mpya, kavu, bila gundi. Kaza kwa kuvukavuka, hatua kwa hatua, mpaka nyutonimita 16. Iwashe dakika chache, iache ipoe, kaza tena.

Shikamooni. Nataka kutoa gavana, kile kidhibiti kasi, ili ikimbie. Vijana wa hapa wanasema ndiyo njia ya haraka. (Msomaji, Watamu)

Marahaba mwanetu. Ni njia ya haraka kweli, ya kutoboa bloku. Injini hii ilitengenezwa kufanya kazi mpaka mizunguko 3,600 kwa dakika. Konrodi yake, mkono unaounganisha pistoni na shafti, ni alumini, na ile ncha inayochota oili na kuirusha ndani ni sehemu ya konrodi hiyo hiyo. Hakuna pampu ya oili. Ikipita kasi yake konrodi hukatika na kutokea ubavuni. Flaiwili nayo inaweza kupasuka, na imekaa sentimita chache kutoka gotini pako. Wanaoondoa gavana kwenye mashindano hubadilisha kwanza konrodi na flaiwili kwa zilizochongwa kutoka kipande kizima cha chuma au alumini ngumu. Bei ya hizo mbili, pamoja na usafiri, inakaribia kukununulia injini nyingine.

Kasi itafute kwenye sproketi. Ukiwa na meno 10 mbele na 60 nyuma, tairi la kipenyo cha inchi 14.5, mizunguko 3,600 inakupa kilomita 41 na ushei kwa saa. Weka 12 kwa 60 utafika 50, ila kuondoka kutakuwa kuzito na klachi itaungua mchangani. Kwa mchanga wa ufukweni tungechukua 72 nyuma na 10 mbele: unashuka hadi 35 hivi, lakini inavuta.

Egzosi iliyonyooka inasaidia kidogo na kelele nyingi. Kama utaichonga mwenyewe, jihadhari na nipo (viungio vyenye uzi) za bomba la maji za madukani kwetu. Uzi wa bloku ni wa Kimarekani. Ile ya duka la ujenzi inaonekana kuingia kwa sababu meno yake kwa inchi ni 14 vilevile, lakini pembe na kipenyo ni tofauti kidogo. Ukiilazimisha inakula uzi wa alumini, na hapo ni kazi ya tona, fundi wa mashine ya kukereza. Na barabarani usiende nayo: haina taa, haina indiketa, haina usajili wa NTSA.

Cheni ya bodaboda inaingia kwenye minibaiki? Na klachi yangu inanuka na kutoa moshi. (Msomaji, Maweni)

Cheni ya bodaboda nyingi ni 428. Hatua yake ni inchi nusu kama ya 420 au 41 iliyopo kwenye minibaiki yako, ndiyo maana inakaa ukiipima kwa macho. Lakini rola zake ni nene, milimita 8.5 dhidi ya 7.8, na ni pana zaidi. Haikai chini kati ya meno, inapanda juu yake na kuyala. Tafuta 420, ile ya pikipiki ndogo. Kama sproketi zako ni za namba 35, zenye meno ya karibu karibu, hakuna cheni ya pikipiki itakayoingia.

Klachi inashika karibu na mizunguko 1,800 hadi 2,000. Ukipanda kilima au mchangani kwa mwendo wa kutambaa, viatu vinateleza muda wote na kuungua. Ipe gesi ishike, au punguza. Bushi ya ndani idondoshee oili tone mbili tatu kila baada ya safari chache, isifike kwenye viatu. Bushi ikikauka inaganda kwenye shafti, na pikipiki itaondoka yenyewe ukiwa umeiwasha tu pale uani.

Injini inapanda na kushuka, vuuu-vuuu, haitulii. (Msomaji, Malindi)

Mara nyingi mchanganyiko ni mwembamba. Kabureta ya Pulsa-Jet hukaa juu ya tangi na kuvuta petroli kwa diaframu nyembamba. Ikikakamaa au kujikunja, haivuti sawa. Ibadilishe. Kisha weka rula kimshazari juu ya uso wa tangi: fila geji ya milimita 0.05 ikipita chini yake, tangi limepinda na hewa inaingia. Sindano ya kabureta ifunge taratibu mpaka iguse, ifungue raundi moja na nusu, washa, kisha irekebishe injini ikiwa imepata joto na tangi likiwa nusu.

Nataka kuiacha Lamu miezi ya kusi, sitakuwepo. Nifanyeje ikae? (Msomaji, Shela)

Ioshe kwa maji baridi ya kisima kisicho na chumvi, bila presha, ikauke kivulini. Mwaga petroli yote, washa mpaka kabureta iwe tupu. Badilisha oili ikiwa moto: SAE 30, takriban lita 0.6 kwa farasi 5, jaza mpaka ifike kwenye kingo ya tundu pikipiki ikiwa imesimama sawa. Toa plagi, mimina kijiko kimoja cha oili, vuta kamba polepole mara kadhaa, rudisha plagi, kisha vuta tena mpaka uhisi kamba inakuwa nzito na uache hapo hapo: valvu zote mbili zimefunga, hewa ya bahari haiingii kwenye silinda. Egzosi izibe kwa kitambaa chenye mafuta, na ufunge utepe mwekundu kwenye hendeli ili atakayekuja kuiwasha akumbuke kukitoa.