Ugenini tufuate desturi kiasi gani? Shangazi anajibu

Safari hii barua nyingi zinahusu desturi za ugenini. Nimechagua nne.

Swali: Shikamoo Shangazi. Nakwenda Muscat kumtembelea dada yangu, nitafika katikati ya Ramadhani. Mimi ni Mkristo. Je, nami nifunge? (Dereva, Moshi)

Jibu: Marahaba mwanangu. Saumu ni ibada, na hakuna atakayekudai ibada isiyo yako. Lakini nchini Oman kula au kunywa hadharani mchana wa Ramadhani ni kosa kisheria, hata kwa asiye Mwislamu. Kula ndani kwa dada yako, na chupa ya maji ibaki mkobani mpaka adhana ya magharibi.

Wakikualika kufuturu, nenda. Utapewa tende, na kahawa yenye iliki katika kikombe kidogo kisicho na mkono. Mmiminaji hushika dele, birika la kahawa, kwa kushoto na kukupa kikombe kwa kulia. Nawe pokea kwa kulia. Ukimaliza atakujazia tena na tena, hata ukisema asante, maana kikombe kilichotulia kwake ni ombi. Mimi nilifundishwa na bibi mmoja wa asili ya Unguja anayeishi hukohuko. Alishika vidole vyangu, akakitikisa kikombe mara mbili, akasema, "Hivi, mwanangu." Mmiminaji akapita. Jambo dogo, lakini tangu hapo nilikaa barazani kwao kwa raha.

Swali: Shangazi, naenda kusoma Ujerumani. Watu wananiambia ukienda kwa wenye chongo, nawe fumba jicho. Wenzangu wakinywa bia, nami ninywe? Mimi sinywi. (Msichana, Mombasa)

Jibu: Usinywe. Methali imesema fumba, na jicho lililofumbwa hufumbuka ukirudi nyumbani. Najua wapo wanaosema "vunja lako jicho", hao siwafuati. La imani na dhamiri yako libaki lako, na mwenyeji muungwana hatakulazimisha. Agiza juisi ya tufaha, nyanyua glasi pamoja nao, sema "Prost" huku ukiwatazama machoni.

Hayo macho ndiyo yatakayokupa kazi zaidi kuliko bia. Sisi tumelelewa kuyainamisha mbele ya mkubwa. Kule, ukimwinamishia profesa, anaweza kudhani hukumwelewa au una unaloficha. Mtazame anapozungumza. Mama yako hatakuwa amevunjiwa heshima. Na ukiambiwa kikao ni saa nne, uwe umeshakaa kitini saa nne.

Swali: Nilikula mkahawani Houston, bili ikawa dola 50. Kaka yangu akaongeza dola 9 za mhudumu. Huu si uonevu? (Mfanyabiashara, Arusha)

Jibu: Lipa, ndugu yangu. Sheria ya serikali kuu ya Marekani inamruhusu mwajiri kumlipa mhudumu anayepokea bakshishi dola 2.13 tu kwa saa, kiwango ambacho hakijapanda tangu 1991. Yapo majimbo yaliyoongeza, Texas, uliko mji wa Houston, haimo. Asilimia 15 hadi 20 unayoacha mezani ndiyo mshahara wake. Huo utaratibu siupendi, lakini mhudumu si wa kuadhibiwa kwa ajili yake. Ukienda Japani, pesa hiyo iache mfukoni: wanaweza kukufuata nje kukurudishia.

Swali: Nina nyumba ya wageni Jambiani. Wageni wanaingia dukani kijijini na nguo za kuogelea, wazee wananung'unika. Nikisema, si nitapoteza wateja? (Mwenye nyumba, Unguja)

Jibu: Sema siku ileile wanayofika, kabla hawajafungua masanduku. Ukinyamaza unawaonea wao kwanza. Watapita vichochoroni wakisikia minong'ono nyuma yao, wasijue wamekosa nini, na wewe mwenyeji wao ulijua.

Waeleze kwa uso mkunjufu: pwani vaeni mtakavyo kuogelea, mkiingia kijijini, funikeni mabega mpaka magoti. Wanawake walioinama kwenye mwani wasipigwe picha kabla ya kuulizwa, wako kazini. Kisha tundika kanga mbili nyuma ya mlango wa kila chumba, za kuazima. Mgeni akikuuliza maandishi ya kwenye kanga yana maana gani, kaa naye umsomee.