Kufungua na kuziba upya tapeti kava ya Mazda MX-5

Ndugu yangu, umeeleza kwamba MX-5 yako ya mwaka 1992 inavuja oili nyuma ya injini, na kwamba fundi anataka kushusha giaboksi abadilishe sili ya krankishafti, yaani mpira unaozuia oili kwenye mhimili mkuu wa injini. Nakusihi uanze na tapeti kava, yaani kifuniko cha juu ya injini, kwa kuwa katika injini hiyo oili inayopita kwenye gasketi yake, au kwenye oringi (pete ya mpira) ya sensa iliyo nyuma ya kamshafti, mhimili unaofungua vali, huteremka hadi kwenye giaboksi na kufanana kabisa na sili iliyokufa.

Injini ikipoa, chomoa waya za plagi, futa mchanga ulio juu ya kava usije ukaangukia ndani, kisha legeza bolti kidogo kidogo. Kava ikigoma, igonge taratibu kwa nyundo ya mpira. Usiingize bisibisi, maana aluminiamu ikichunika gasketi mpya haitakusaidia.

Kazi yenyewe hasa ni usafi. Kwangua silikoni ya zamani kwenye kona ambako kepi za kamshafti, yaani vishikizo vyake, zinakutana na silinda hedi, kipande cha injini kilicho chini ya kava, pangusa mpaka kitambaa kitoke kikavu, ndipo uweke silikoni mpya, kiasi cha punje ya mchele, kwenye kona hizo tu. Wengi hupaka silikoni kuzunguka gasketi nzima, jambo linalonisikitisha sana, kwa sababu ile inayominywa kwenda ndani hukatika na inaweza kuziba chujio la pampu ya oili. Rudisha kava na gasketi mpya, kisha kaza bolti kuanzia katikati kwenda nje, kwa awamu mbili, bila kuzidi nyutoni mita 8 (kipimo cha nguvu ya kukaza).