Kabla ya kununua mablanketi, amueni nani atashika funguo

Wiki iliyopita msomaji mmoja wa Bududa, wilaya ya milimani mashariki mwa Uganda, aliniandikia kwamba kijiji chao kimekubaliana kujenga chumba cha kuwekea vifaa vya dharura kabla ya mvua za mwezi wa tisa, na akaniuliza wakijaze kitu gani kwanza. Huko Bududa swali hili si la mezani: maporomoko ya Nametsi ya Machi 2010 yaliua mamia ya watu, na yale ya Bukalasi ya Oktoba 2018 yakaua zaidi ya 40. Namjibu mbele ya wote, kwa sababu najua wengi mnaonisoma mna nia kama yake, na jibu lenyewe linaanzia kwenye aibu yangu.

Mimi ni mtu wa Kasese, magharibi mwa Uganda. Mto Nyamwamba ulipofurika Mei 2013, misaada ya serikali na ya Msalaba Mwekundu ilikuja, lakini lori haliruki daraja lililobomoka, na siku za mwanzo tulizipitisha kwa kuombana. Baadaye tukachanga, nami nikachaguliwa katibu wa kamati. Tulinunua mablanketi 60, maturubai, sufuria mbili za kupikia watu wengi, majerikeni, sabuni na magunia matano ya unga wa mahindi. Siku ya kufungua ghala nilipigwa picha nikiegemea magunia kama mwenye duka, na sitaficha kwamba nilijivuna.

Mei 2020 mto ukarudi, ukasomba madaraja na kuiharibu hospitali ya Kilembe. Ufunguo wa ghala ulikuwa mmoja tu, nao ulikuwa mfukoni mwa mwenyekiti wetu, na mwenyekiti alikuwa ng'ambo ya pili ya mto. Nilisimama mbele ya kufuli lile la shaba limelowa, watu wamejaa nyuma yangu, mpaka mama mmoja aliyebeba mtoto mgongoni akaniuliza, "Katibu, sasa tunangoja nini?" Kulivunja kulituchukua karibu saa nzima, kwa maana siku ya kununua mimi ndiye niliyesisitiza tuchukue kufuli gumu kuliko yote dukani.

Ndani mambo yalikuwa mabaya zaidi. Magunia ya chini, ambayo tuliyalaza sakafuni, yalikuwa yamefyonza maji. Ya juu yalikuwa na fukusi. Na panya walikuwa wamezalia katika mablanketi. Unga uliosalia ulikuwa umekaa miezi mingi ubavuni mwa katoni za sabuni, hivyo posho, yaani ugali, tuliyopika usiku ule ilinukia sabuni, na watoto wenye njaa waliionja wakaitema.

Maji yalipopungua, ikaonekana mablanketi 14 hayana maelezo. Kwenye mkutano nikaambiwa nisimame, na mtu niliyekula naye miaka mingi akasema katibu amewagawia jamaa zake. Sikuchukua hata moja. Lakini katika vurugu ile hakuna aliyeandika chochote, nami sikuwa na karatasi ya kunitetea. Mpaka leo wapo wanaoniamkia kwa nusu mdomo.

Kwa hiyo, ndugu yangu wa Bududa, anzeni na funguo. Sisi sasa tunazo tatu, katika nyumba tatu, na mojawapo iko ng'ambo ya mto. Daftari limefungwa kwa kamba nyuma ya mlango pamoja na kalamu, na hakuna kinachotoka bila jina na sahihi au dole gumba, hata kama mvua inanyesha na watu wanapiga kelele. Mkiona aibu kumwandikisha jirani, mtakuja kumwita mwizi.

Unga msiweke. Wekeni mahindi na maharage yaliyokauka vizuri, katika ile mifuko ya tabaka tatu isiyopitisha hewa, juu ya chaga za mbao, mbali na sabuni. Kila baada ya mavuno wauzieni wanakijiji akiba ya zamani, mnunue mpya. Kazi hii haina picha wala makofi, ndiyo maana kamati nyingi hufa hapo.

Kisha fikirieni maji kabla ya mablanketi. Kiwango kinachotumiwa na mashirika ya misaada ni angalau lita 15 kwa mtu kwa siku, yaani familia ya watu wanne inahitaji majerikeni matatu ya lita 20 kila siku, na hakuna ghala la kijiji linaloweza kutunza maji hayo. Linaloweza kutunza ni majerikeni matupu yenye vifuniko na vidonge vya kusafishia maji, huku tarehe ya mwisho wa matumizi imeandikwa kwa herufi kubwa juu ya boksi. Vyetu vya kwanza vilipitwa na wakati tukiviangalia.

Chumba kisikae chini ya mteremko, hata kama kiwanja hicho mmepewa bure. Na mwambieni fundi mlango ufungukie ndani, kwani tope likishajaa nje, mlango wa kusukumia nje hautafunguka hata mkiwa na funguo kumi.