Ganda ni nguo tu

Mwanangu,

Salamu zimefika, na baba yako naye amezipokea. Umeniuliza kama konokono uliowakuta mwambani huko Uskoti ni wale wale wa mikokoni Gazi, pwani ya Kenya. Hapana. Familia yao ni moja, Littorinidae, ila wa huko ni jenasi ya Littorina na wetu ni Littoraria. Hilo ungelipata kwenye simu yako bila kunisumbua, kwa hiyo nadhani unachotaka hasa ni kujua nani huamua kwamba huyu ni huyu na yule ni yule.

Nimekwambia tangu uko shule ya msingi: ganda ni nguo tu. Konokono hutambulikana kwa mwili, hasa via vya uzazi, na namna anavyozaa. Huyo wa mwambani, spishi ya saxatilis, amewahi kupewa majina zaidi ya mia moja na wataalamu waliobabaishwa na ganda: huyu ana mistari, huyu mnene, huyu mweupe. Kumbe ni yeye yule! Wakati huohuo arcana, anayefanana naye mno, hakupewa jina lake hadi 1978. Mmoja huzaa watoto, mwenzake hutaga mayai. Ganda halikwambii hayo.

Unajua ninakoelekea. Gazi, mwanzoni mwa miaka ya themanini, nikiwa mwanafunzi. Tulishuka Mombasa kwa treni ya usiku, kesho yake tukazama topeni hadi magotini. Nikaona wanaokaa kwenye majani ya mkoko ni wepesi, wengine manjano kabisa, na wa mashinani ni wazito, wa kahawia. Nikawatia chupa mbili, vibandiko viwili. Tuliporudi Nairobi mhadhiri akawamimina wote katika chupa moja mbele ya darasa, akaandika jina la spishi moja, scabra, akasema, "Dada, rangi si spishi." Wakacheka. Wengine ni hao hao mnaowaita anko.

Mwaka 1986 David Reid wa London akachapisha kitabu kizima juu ya konokono hao wa mikoko, akawatenganisha. Wa majani ni pallescens, jina alilolitoa Philippi mwaka 1846, halafu likaja kuzikwa ndani ya scabra. Nilipokipata nilikuwa nimempakata dada yako. Nilicheka hadi akaamka akilia, na sikumbembeleza mara moja.

Lakini ngoja. Alichosema mhadhiri hakikuwa uongo. Pallescens wenyewe wako wa manjano, wako wa kahawia, na wote ni wamoja. Mimi nimewafundisha watoto wa watu maneno hayo hayo, ganda ni nguo tu. Ila sikumpelekea rangi peke yake, nilimpelekea na mahali wanapoishi, na wembe ulikuwa mezani pake. Hakumpasua hata mmoja. Baba yako anasema mtu alikuwa na haraka. Mimi nina neno langu, lakini marehemu hasemwi, basi nalimeza. Kwa shida.

Wale wakubwa weusi wanaouzwa sokoni huko ni littorea, hao waache. Kwa wadogo usinitumie picha ya ganda. Tafuta jike, umpasue chini ya hadubini. Akiwa na vitoto ndani vyenye maganda yao tayari, ni saxatilis. Usipoviona, anaweza kuwa arcana au compressa, mtaga mayai mwingine, na hapo uniandikie tena.

Mama yako