Nilikuwa mfalme wa kibanda, mtoto wa darasa la sita kanipiga tano

Jumapili iliyopita mpwa wangu kanifunga 5–1 kwenye eFootball, gemu la mpira la simu. Nyumbani kwangu, kwa bando langu. Halafu akanipa pole: "Mjomba, wewe bado unacheza Winning," yaani PES, gemu la mpira la zamani la kampuni ya Konami. Nawaandikia wote mliokulia kwenye vibanda vya gemu, maana najua yamewakuta na mmenyamaza.

Ndugu zangu, mimi sikuwa mtu wa kufungwa. Mwaka 2007, kwenye kibanda kimoja Mabibo, mechi ilikuwa shilingi 200 na anayefungwa anaachia pedi. Kwa shilingi 200 hizo hizo nilikuwa naketi tangu asubuhi mpaka adhana ya adhuhuri. PES 6, PlayStation 2, Inter Milan, Adriano. Guu la kushoto la yule Mbrazili, hata ukiwa mbali na boksi, ukibonyeza mraba kipa anasindikiza kwa macho. Mwisho mwenye kibanda akanipiga marufuku kuchukua Inter. Pedi ya pili ilikuwa imekatika R1, kitufe cha kukimbia, tukabandika kipande cha kandambili. Mgeni ndiye aliyepewa hiyo.

Konami hawakuwa na leseni ya timu nyingi za Uingereza, kwa hiyo Chelsea iliitwa London FC na Liverpool ikaitwa Merseyside Red. Nani alijali? Gemu pinzani la FIFA lilikuwa na majina na jezi, sisi tulikuwa na mpira wenyewe: unadunda, unagonga goti, unakukataa. Hilo ndilo lililotushika.

Baadaye maisha yakaingilia. Mwaka 2021 Konami wakalifuta jina la PES, wakaleta eFootball ya bure, na sura za wachezaji zilivyoharibika dunia nzima ikacheka. Mimi nilicheka kuliko wote. Wao wakaendelea kurekebisha, mtoto akaendelea kucheza kila siku, mimi naendelea kucheka.

Ushauri wangu wa kwanza: acha kukimbia. Sisi R1 tuliishika tangu kipenga cha kwanza. Sasa ukikimbia hovyo mpira unakutoka mguuni, na beki anakungoja pale pale. Wa pili ni kwenye kukaba: usimtoe beki wa kati, rudi na kiungo uzibe njia ya pasi, kwa maneno mengine usikimbie. Wa tatu naona ni ule ule.

Na kiburi, jamani. Tunajiita magwiji kwa makombe ya kibandani ambayo hakuna aliyeyaandika popote, halafu tunaona aibu kumuuliza mtoto kitufe. Muulize. Mimi nilimuuliza, akanionyesha huku anatafuna mhogo, wala hakunitazama.

Jana tumerudiana. Dakika ya 70 ilikuwa 1–1 na kidole gumba changu kilikuwa hakijagusa kitufe cha kukimbia hata mara moja. Bando likaisha. Mtoto amewatangazia nyumba nzima kwamba alikuwa anaongoza.